Chupa Moja ya Dawa Mpakani: Taratibu Zilizorahisishwa na Zisizorahisishwa

Mkulima wa robo ekari anavuka mpaka wa Busia na gunia la mahindi. Ndani ya kikapu ana chupa moja ya dawa ya kuua viwavi. Mahindi yanapita, chupa inabaki mezani kwa afisa wa forodha. Mkulima analalamika: dawa ni ya shamba lake, si ya kuuza, na alisikia taratibu zimerahisishwa.

Ni kweli zimerahisishwa, ila si kwa kila kitu. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani uliozalishwa katika nchi mwanachama. Cheti hicho huhusu ushuru tu. Hakichukui nafasi ya kibali cha bidhaa hatari.

Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, inakataza kuingiza nchini dawa ambayo haijasajiliwa, kufungashwa na kuwekewa lebo ipasavyo. Katazo hilo linamhusu mtu yeyote, si mfanyabiashara peke yake. Lebo ndiyo inayomweleza mkulima kipimo, mavazi ya kujikinga na siku za kungoja kabla ya kuvuna sukuma. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haina maelezo hayo, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitambua.

Mahali ambapo kazi imepungua kweli ni kwenye maombi. Zamani karatasi zilibebwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Sasa vibali vya idara mbalimbali huombwa katika mfumo mmoja wa mtandaoni unaosimamiwa na KenTrade. Kinachochelewesha mara nyingi ni ombi lisilotaja kiambato halisi cha dawa na kiwango chake, au lisilo na karatasi ya usalama ya mtengenezaji, ile yenye sehemu 16. Kosa kubwa zaidi ni kulipia mzigo kwanza na kutafuta kibali baadaye.

Kwa chupa moja, hata hivyo, safari hiyo yote haina faida. Nafuu ni kuandika jina la kiambato, si jina la biashara, na kuuliza kwenye agroveti kama ipo dawa iliyosajiliwa yenye kiambato hicho. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kusaidia kuisoma lebo.

Zipo pia bidhaa ambazo hakuna fomu itakayozipitisha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inapiga marufuku DDT, aldrin na dieldrin, pamoja na sabuni na vipodozi vyenye zebaki, hata kipande kimoja cha kuogea nyumbani.

Aliye na chupa ya namna hiyo tayari asiimwage chooni wala mtoni. Aiache katika chombo chake, aifungie mbali na watoto na chakula, kisha amwarifu afisa wa kilimo au wa afya ya umma.