Somo la Kuteremsha Tawi kwa Kamba Mbili

Katika vijiji kama Chiwata, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde wilayani Masasi, mwembe uliopandwa kando ya darasa huleta kivuli na pia hatari. Tawi bichi lenye urefu wa meta 4 na kipenyo cha sentimeta 20 hukaribia kilo 100, mbali na vitawi na majani yake. Likiwa juu ya paa, sharti literemshwe kwa kamba. Kazi hiyo hufanywa na mkata miti mzoefu. Lakini kanuni zake zafaa kufundishwa darasa la sita au la saba.

Shabaha

Mwanafunzi aweze kueleza jinsi uzito unavyogawanyika baina ya maegemeo mawili.

Zana

Jiwe la kilo 4, kamba za katani, kapi moja na mizani mbili za kuning'iniza.

Hatua za somo

1. Jiwe lifungwe kamba mbili, kila moja na mizani yake. Kamba zikiwa wima na sambamba, kila mizani itaonyesha kilo 2 hivi.

2. Wanafunzi wakisie kitakachotokea kamba zikitanuliwa, kisha wazitanue polepole. Pembe kati yake ikifika nyuzi 120, kila mizani itaonyesha kilo 4. Anayedhani kwamba kamba mbili daima hubeba nusu kwa nusu atasahihishwa na jiwe lenyewe.

3. Kamba moja ipitishwe juu ya kapi, jiwe likining'inia upande mmoja na mkono ukilizuia upande wa pili. Kapi litabeba mivuto yote miwili, yaani karibu kilo 8. Hivyo egemeo la juu huhitaji nguvu kuliko tawi linaloteremshwa.

Kutoka darasani hadi mtini

Sasa tuchore mwembe ubaoni. Kamba ya kwanza hufungwa karibu na mahali patakapokatwa, ya pili kuelekea nchani, ili tawi lisipinduke. Kila kamba hupita kwenye egemeo lake, katika panda nzima iliyo juu ya tawi. Ncha yake huzungushwa shinani mara mbili au tatu, ili msuguano umsaidie mshikaji. Kamba zikazwe kabla ya kukata. Tawi likianguka kisha likazuiwa ghafla, mvuto wake huzidi uzito wake mara nyingi.

Tahadhari

Jiwe lining'inizwe chini chini, miguu ikiwa mbali. Siku ya kukata, darasa liwe tupu, na wanafunzi watazame kutoka umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tuunganishe kazi na masomo. Haikututaka tumweke mtoto chini ya mzigo.

Maswali

1. Kwa nini kamba zisitanuliwe mno?
2. Egemeo moja likivunjika, tawi litaelekea wapi? Chora.