Upele wa Dawa Si Uchafu Unaotoka

SWALI: Daktari, nina miaka 31. Nilikuwa naumia wakati wa kukojoa, nikanunua Septrin duka la dawa. Leo siku ya saba nimetoka vipele vyekundu kifuani na mgongoni, vinawasha, na tangu jana midomo inawaka. Mama mkwe anasema dawa imeshika, inatoa uchafu wa damu. Nioge maji ya mwarobaini na chumvi, nimalize dozi. Zimebaki siku tatu. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Mbagala

JIBU: Mwanangu, nilikupigia simu siku ileile niliyopata ujumbe wako, na nashukuru uliacha vidonge na kwenda hospitali jioni hiyo. Hapa nawaandikia wengine ambao wako nyumbani na upele kama wako, na wanashauriwa kama ulivyoshauriwa.

"Dawa inatoa uchafu." Neno hili nimelisikia miaka yote ya kazi yangu, kwa wasomi na wasiosoma. Wanaolisema wana nia njema, lakini linaua. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, na taka hutoka kwa mkojo na choo. Hakuna uchafu unaosubiri kidonge uusukume nje kupitia ngozi. Upele wa namna hii ni ishara kwamba kinga ya mwili imeikataa dawa, na kila kidonge unachoongeza kinachochea ugomvi huo.

Ushahidi wake mtu anaweza kuuona kwa macho. Wapo ambao wakimeza Septrin huota doa jeusi la mviringo mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Wakiacha dawa linapoa, linabaki alama. Mwaka mwingine wakimeza tena, kwa ugonjwa mwingine kabisa, doa lilelile linaamka palepale. Ungekuwa uchafu wa ugonjwa, ungepitaje mlango uleule kila mara, na magonjwa ni tofauti? Nimepokea wanaume walioletwa na wake zao wakituhumiwa kaswende, kumbe ni vidonge vya dukani.

Najua pia kwamba "maliza dozi" mmeisikia kwetu sisi wahudumu wa afya, na tulisema kweli. Maana yake ni kwamba usiache antibayotiki kwa sababu tu umepata nafuu. Hatukusema umeze dawa inayokubabua ngozi.

Sasa hayo maji ya mwarobaini. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea kijana aliyeletwa amefunikwa kanga ya mama yake. Kanga ilikuwa imegandia mgongoni. Muuguzi alikaa akiilowesha kidogo kidogo kwa maji ya dripu, na kila ilipoachia, ngozi ilikuja nayo, kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto. Macho yalikuwa yameshikana, midomo ni vidonda vitupu, hata mate hayamezeki. Alikuwa ameogeshwa mwarobaini na chumvi siku tatu, huku akiendelea na vidonge. Tulipouliza ni dawa gani, mama alifungua pindo la kanga akatoa kifuko cha nailoni kilichoandikwa "2x2" tu. Kijana alipona, ila jicho moja halioni vizuri mpaka leo.

Hali hiyo inaitwa Stevens-Johnson. Katika kila wagonjwa kumi, karibu mmoja hufa. Ngozi ikibanduka sehemu kubwa ya mwili, hufa karibu mmoja kati ya watatu. Mgonjwa hupoteza maji kama aliyeungua moto. Kumwogesha maji ya moto yenye chumvi, kumpaka jivu, dawa ya meno au krimu za kuazima kwa jirani ni kumuongezea kidonda na kumpotezea muda.

Upele mwingi wa dawa haufiki huko. Huwa mwepesi na hupotea siku chache baada ya kuacha dawa. Wengine, hasa watoto, hutoka vipele kwa sababu ya virusi na si dawa. Lakini siku ya kwanza mwepesi na mkali hufanana, na kuutofautisha si kazi ya jirani wala ya muuza duka. Ukiona upele, acha antibayotiki hiyo na ufike kituo cha afya siku hiyohiyo, upewe nyingine inayokufaa. Ukiwa na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, malengelenge, au ngozi inauma kuliko kuwasha, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uso ukivimba au pumzi ikabana, usisubiri hata dakika.

Anayetumia ARV au dawa za TB asiziache wala kuzibadilisha kwa uamuzi wake. Aende kliniki yake siku hiyohiyo, na akiona dalili hizo kali akimbilie hospitali.

Nenda na pakiti ya dawa yenyewe. Ukinunua dawa, kataa kifuko kisicho na jina. Ikithibitika una mzio, jina la dawa liandikwe kwenye daftari lako la matibabu, nawe ulitaje kila unakotibiwa. Mwenye mzio wa Septrin amwambie muuguzi hata kliniki ya wajawazito kabla ya kupewa SP ya kuzuia malaria, maana nayo ina salfa kama Septrin. Mara ya pili mwili huweza kukasirika mapema zaidi na kwa ukali zaidi.

Mwanangu, dozi yako ilibakiza siku tatu. Yule kijana naye alikaa nyumbani siku tatu, akisubiri uchafu uishe.