Jua Haki Zako: Nishani Zilizoachwa Katika Kumbukumbu za Mwanajeshi wa Zamani wa Marekani

Tangu mwaka 1950, mtu anayemaliza utumishi katika majeshi ya Marekani hupewa hati iitwayo Fomu DD 214, ambayo ni muhtasari rasmi wa tarehe alizotumikia, cheo chake, kazi aliyofunzwa na namna alivyoachishwa jeshi. Katika toleo la miongo ya karibuni, kipengele cha 13 cha hati hiyo huorodhesha nishani, medali, beji na tepe zote alizostahili. Orodha hiyo hujazwa na karani kwa kutegemea karatasi zilizo mbele yake siku hiyo, kwa hiyo amri ya nishani iliyotolewa kikosini baada ya askari kuhamishwa, au jeraha lililotibiwa katika hospitali ya uwanja wa vita, huweza kuachwa bila mtu yeyote kukusudia. Sheria ya Marekani inalitambua kosa la namna hiyo kuwa la kurekebishwa, hata miongo ikiwa imepita, na hata mwanajeshi mwenyewe akiwa amefariki.

Suala hili linawahusu pia wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa miongoni mwa waliovaa sare ya Marekani wamo wazaliwa wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki, ambao familia zao hazikukulia katika mfumo huo na huenda zisijue kwamba karatasi ya jeshi inaweza kuhojiwa. Uzito wake hauishii kwenye heshima. Medali ya kampeni ya kivita, yaani ile inayotolewa kwa kutumikia katika operesheni maalumu, inaweza kumpa mwanajeshi wa zamani nyongeza ya alama 5 anapoomba ajira ya serikali ya shirikisho, na nishani ya Purple Heart, inayotolewa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na adui, huongeza alama 10. Aliyetunukiwa Purple Heart huwekwa pia katika kundi la 3 la kipaumbele cha matibabu ya Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ikiwa hana sifa ya kuwekwa katika kundi la juu zaidi. Vilevile, nishani au beji ya mapigano huweza kuwa ushahidi muhimu kwa anayedai fidia ya ulemavu uliotokana na vita.

Kutambua aina ya nishani

Njia ya kudai hutegemea aina ya nishani, na maombi mengi hukwama kwa sababu mwombaji hakuitofautisha aina hiyo tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni medali za utumishi, ambazo mtu huzistahili kwa kuwapo mahali fulani katika kipindi fulani. Mfano wake ni Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, ambayo kipindi chake cha karibuni kilianza tarehe 12 Septemba 2001 na kumalizika tarehe 31 Desemba 2022. Aina ya pili ni tuzo za kikosi, ambazo humhusu kila aliyekuwa kikosini wakati wa tendo lililotunukiwa. Kwa Amri ya Jumla Na. 8 ya mwaka 1974, kwa mfano, Jeshi la Nchi Kavu lilithibitisha kwamba askari wake wote waliotumikia Vietnam wanahusika na tuzo ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa iliyotolewa na Jamhuri ya Vietnam, ingawa hati nyingi zilizoandikwa kabla ya amri hiyo haziitaji.

Aina ya tatu ni nishani za mtu binafsi, kama Bronze Star na Silver Star, ambazo kwa kawaida hazitolewi bila mapendekezo ya maandishi na idhini ya kamanda mwenye mamlaka. Hata hapa upo mwanya wa haki, kwa kuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia aliyepewa Beji ya Mapigano ya Askari wa Miguu kwa utumishi wa kati ya tarehe 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 anastahili Bronze Star kwa msingi wa beji hiyo. Aina ya nne ni Purple Heart, ambayo haihitaji mapendekezo, bali uthibitisho wa mambo matatu: kwamba jeraha lilisababishwa na tendo la adui, kwamba lilihitaji kutibiwa na afisa tabibu, na kwamba matibabu hayo yaliandikwa. Ugonjwa na ajali isiyohusiana na adui havihesabiwi, hata vikiwa vimemwachia askari maumivu ya maisha.

Kupata jalada lote

Kabla ya kudai chochote, mwombaji anapaswa kupata nakala ya jalada lote la utumishi, kwani Fomu DD 214 pekee haionyeshi kilichoachwa. Majalada mengi ya waliokwisha kuondoka jeshini hutunzwa katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichopo St. Louis, jimbo la Missouri, na huombwa kwa Fomu SF 180 au kupitia tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Mwanajeshi wa zamani mwenyewe kwa kawaida halipi ada, na jalada hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 62 tangu mhusika kuondoka jeshini.

Zipo familia zitakazojibiwa kwamba jalada liliungua. Moto uliozuka katika kituo hicho tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa Nchi Kavu walioondoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960. Jibu hilo halimalizi dai, kwa sababu sehemu ya kumbukumbu huweza kujengwa upya kutokana na hati za malipo ya mwisho, ripoti za kila asubuhi zilizoonyesha nani yupo kikosini na nani amepelekwa hospitali, amri za jumla za vikosi na orodha za waliolazwa.

Njia tatu za kurekebisha

Njia ya kwanza ni ya kiutawala, nayo hutumika pale ushahidi unapoonyesha wazi kwamba nishani ilikwisha kutolewa au kustahiliwa, lakini haikuandikwa. Mwombaji huandikia kituo cha St. Louis au ofisi ya watumishi ya jeshi lake, ambayo kwa Jeshi la Nchi Kavu ni Kamandi ya Rasilimali Watu iliyopo Fort Knox, Kentucky. Ombi likikubaliwa, hutolewa Fomu DD 215, yaani hati ya masahihisho ambayo huambatanishwa na Fomu DD 214 na kusomwa pamoja nayo.

Njia ya pili ni Bodi ya Marekebisho ya Kumbukumbu za Kijeshi, chombo cha wajumbe raia kilichowekwa na kifungu cha 1552 katika Juzuu ya 10 ya Mkusanyo wa Sheria za Marekani ili kusahihisha makosa na kuondoa dhuluma. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi yake. Bodi ya Jeshi la Majini huwahudumia pia askari wa Marine, na ya Jeshi la Anga huwahudumia pia wa Jeshi la Anga za Juu. Ombi huwasilishwa kwa Fomu DD 149 bila malipo wala ulazima wa wakili, baada ya njia ya kiutawala kujaribiwa. Muda uliowekwa ni miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, lakini bodi ina mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, kwa hiyo aliyechelewa anapaswa kueleza sababu na kuendelea na dai lake.

Njia ya tatu ni ya kifungu cha 1130 cha Juzuu hiyohiyo, kinachoruhusu nishani ya mtu binafsi iangaliwe nje ya muda wake kwa kupitia mbunge wa Bunge la Marekani. Mapendekezo hayawezi kuandikwa na mwanajeshi kujipendekeza mwenyewe. Huhitajika mtu mwenye kulijua tendo kwa kulishuhudia, hasa kamanda wake wa wakati huo, pamoja na maelezo ya mashahidi. Historia ya Henry Johnson, askari Mweusi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inaonyesha uzito wa kutokata tamaa: Ufaransa ilimtunuku Croix de Guerre mwaka 1918, naye akafariki mwaka 1929 bila nchi yake kumtunuku nishani ya ushujaa, lakini baada ya jitihada ndefu za waliomtetea Marekani ilimpa Purple Heart mwaka 1996 na Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote, mwaka 2015.

Ushahidi, warithi na rufaa

Bodi huanza kwa kuchukulia kwamba kumbukumbu za jeshi ni sahihi, na mzigo wa kuthibitisha kosa humwangukia mwombaji. Kwa sababu hiyo, barua inayolalamika bila vielelezo haifiki mbali, wakati nakala ya amri, cheti cha hospitali, barua iliyotumwa nyumbani siku zile, na tamko la kiapo la askari mwenzake linalotaja tarehe, mahali na alichokiona kwa macho yake, hujenga dai linalosimama. Ni muhimu pia kudai kile tu kinachothibitika, kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 inamhesabia kosa la jinai anayejidai kwa ulaghai kuwa na nishani fulani za kijeshi ili ajipatie fedha au manufaa mengine.

Mwanajeshi akiwa amefariki au hana uwezo wa kujisimamia, mwenzi wake, mrithi au mwakilishi wake wa kisheria anaweza kuomba kwa kuambatanisha uthibitisho wa uhusiano na, inapohusika, cheti cha kifo. Vyama vya wanajeshi wa zamani, kama American Legion na Disabled American Veterans, huwasaidia waombaji bure. Ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kulirudisha mbele ya bodi akiwa na ushahidi mpya, au kuupinga uamuzi katika mahakama ya shirikisho, kwa kawaida ndani ya miaka 6.

Nyaraka zinaweza kukaa ghalani kwa muda mrefu, lakini mashahidi huzeeka na kufa. Kila familia yenye mwanajeshi wa zamani inapaswa kuisoma Fomu DD 214 yake sasa, kuagiza jalada lake lote, na kuchukua matamko ya kiapo ya wenzake wangali hai.