Ufahamu na Ufupisho: Jaketi la Rubani

Mtahiniwa, kifungu hiki kina vita, ndege na mavazi, na hapo ndipo wengi huteleza. Nilipowapa wanafunzi wangu, wengi waliandika kuwa wazo kuu ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walikosa alama. Kisome mara ya kwanza bila kalamu mkononi.

Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali.

Jaketi la ngozi lenye ukosi wa manyoya leo huvaliwa kwa urembo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia lilikuwa kinga ya uhai.

Ndege za Marekani aina ya B-17, zilizotoka Uingereza kwenda kupiga mabomu Ujerumani, ziliruka mara nyingi kwenye kimo cha mita 7,600 hivi. Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000. Hivyo, uwanjani kukiwa na nyuzi 15, huko juu ni takriban nyuzi 34 chini ya sifuri. Ndege hizo hazikuwa na chumba kilichozibwa kuhifadhi hewa. Katika matoleo ya mwanzo, wapigaji wawili wa bunduki za rashasha walisimama ubavuni penye madirisha wazi. Bunduki ikikwama, aliyevua glavu ili aikwamue aliweza kuiacha ngozi ya kiganja imegandia kwenye chuma. Katika mwaka wa kwanza wa mashambulizi hayo, walioumizwa na baridi walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa na adui.

Jaketi aina ya B-3, lililoanza kutumika mwaka 1934, lilishonwa kwa ngozi ya kondoo, sufi ikiwa ndani. Sufi haitengenezi joto. Hunasa hewa tulivu, nayo hewa hupitisha joto kwa shida, hivyo joto la mwili halitoroki upesi. Hata hivyo, jaketi lilikuwa nene, na penye nafasi finyu mtu aligeuka kwa taabu. Tena aliyetokwa jasho akingoja kuruka, unyevu ule ulimgeukia adui kule juu.

Ndipo zikaletwa nguo zenye nyaya za kupasha joto kwa umeme. Katika toleo la mwanzo nyaya ziliungwa kwa mfuatano: waya mmoja ukikatika, vazi zima lilipoa. Toleo lililofuata liliungwa sambamba, sehemu moja ikiharibika nyingine zikaendelea.

Maswali
1. Taja wazo kuu la kifungu hiki.
2. Eleza jinsi sufi inavyozuia baridi.
3. Eleza maana ya “ulimgeukia adui” kama ilivyotumika.
4. Fupisha aya mbili za mwisho kwa maneno yasiyozidi 40.

Kuhusu swali la 1, jiulize: ukiondoa vita, je, habari inabaki? Inabaki, kwa sababu baridi ya angani ingekuwepo hata wakati wa amani. Ukiondoa baridi, hakuna habari. Andika: “Juhudi za kuwakinga wanaanga dhidi ya baridi kali.” Katika swali la 3 usikimbilie kutaja Wajerumani, kinachosemwa hapo ni unyevu.

Swali la 4 lina hoja nne: sufi hunasa hewa, jaketi lilizuia wepesi na jasho lilileta madhara, nguo za umeme zilipoa zote waya mmoja ulipokatika, muungo sambamba ulirekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1934 uache. Hesabu maneno yako kabla ya kugeuza ukurasa.