Je, Ni Kweli Mwaka Ule Ulipotea?

Wengi wetu hata leo huuita mwaka 2020 mwaka uliopotea. Neno hilo lilienea mwezi wa Julai mwaka huo, Serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba hapatakuwa na mitihani ya KCPE wala KCSE, na watoto wataanza upya mwaka ujao. Skuli zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa amri ya tarehe 15 Machi, kwa ajili ya maradhi ya Korona. Sisi twataka kulipima neno hilo.

Yaliyofungwa yalikuwa majengo. Masomo yalihamia kwenye redio na televisheni, na kwa wenye uwezo, kwenye simu. Lakini si kila nyumba ina redio; na penye moja, baba naye ataka habari! Hapo ndipo dhana ya mtu ilipodhihiri. Mzazi aliyehukumu kuwa mwaka umekufa aliliweka daftari juu ya kabati, mtoto akaachiwa barabara. Mwingine, asiyemzidi yule kwa mali, alimketisha binti yake wa darasa la saba amsomeshe mdogo wake. Wala jambo hili si geni kwetu: vyuoni, tangu zamani, mwanafunzi aliyetangulia humshika mkono anayeanza. Na mara nyingi msomeshaji ndiye afaidikaye zaidi, kwani huwezi kumfahamisha mwenzio hesabu ya kugawanya nawe huijui.

Hata hivyo tusidanganyane. Dhana njema hailipi ada, wala peke yake haimrudishi msichana aliyeshika mimba, au mvulana aliyekwisha kuonja pesa ya kubeba mizigo. Skuli zilipofunguliwa kwa madarasa matatu tarehe 12 Oktoba, na kwa waliobaki tarehe 4 Januari 2021, wako walioona haya kurudi. Kanuni ya kumruhusu msichana aliyejifungua arejee darasani ipo Kenya tangu 1994. Lakini kanuni haibishi hodi. Yapasa mzazi au mwalimu aende mwenyewe mpaka mlangoni, akae, anene naye kwa upole.

Mihula ilifupishwa, na kalenda ya skuli haikurudi mahali pake ila Januari 2023. Mwaka uliofuata yakaja mafuriko, na skuli zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili 2024 zikangoja mpaka 13 Mei. Siku hizo kumi na nne, ndugu zetu, madaftari ya watoto wetu yalikuwa wapi?