Askari Aliyefungua Mlango wa Nyumba Yake

Katika nyumba nyingi mtoto mkaidi hutishwa kwa jina la polisi. "Nyamaza, nitamwita askari akuchukue." Maneno haya husemwa Katubuka kama yasemwavyo Ujiji na Mwanga, na wazazi wayasemao hawana nia mbaya. Lakini yatazameni matunda yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku akipotea mwaloni Kibirizi, au siku akiguswa na mtu mwovu, atamkimbia yule yule ambaye angemwokoa. Naye askari huzoea kukimbiwa, hata akadhani kwamba hiyo ndiyo heshima.

Basi tumeona vema leo tuwaeleze wasomaji wetu habari za askari mmoja ambaye watoto hawakumkimbia, bali walimwita baba. Jina lake linajulikana sana, ila kwa sababu nyingine. Ni Kipchoge Keino wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na watu wa ukoo wake. Jambo hili msomaji alishike, maana yaliyofuata hayaeleweki bila hilo. Alipokuwa kijana aliingia katika Jeshi la Polisi la Kenya, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwafundisha vijana waliotoka vijijini jinsi ya kuutawala mwili: kuamka mapema, kuvumilia, kutii amri bila kununa. Alikuwa mlezi kabla dunia haijamjua kuwa mkimbiaji.

Sifa za mbio tutazipitia upesi, kwa kuwa wengi wanazijua. Mwaka 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 na ya mita 5,000. Mwaka 1968, huko Mexico, alikimbia akiwa na maradhi ya nyongo yaliyomwangusha katika mbio za mita 10,000; hata hivyo siku chache baadaye alishinda mita 1,500 na kumwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma. Mwaka 1972, mjini Munich, alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika ushindi wa Mexico lipo jambo dogo ambalo halifai kusahauliwa. Mkenya mwenzake aliyekuwa mdogo kwake, Ben Jipcho, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili mkubwa wake apate njia, naye mwenyewe akabaki bila medali. Miaka minne baadaye, Munich, Jipcho alikuwa wa pili nyuma ya Keino.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Keino na mkewe Phyllis, ambaye alisomea uuguzi, walianza kuwapokea nyumbani kwao watoto yatima na walioachwa. Hawakuanza na jengo wala kamati wala barua za kuomba fedha. Walianza na mtoto mmoja mmoja, na chungu kile kile kilichowapikia watoto wao saba wa kuzaa. Baadaye, karibu na Eldoret, walikuwa na shamba walilolipa jina la Kiswahili: Kazi Mingi. Watoto waliokulia mikononi mwao wamezidi mia moja. Ikasimama shule ya msingi yenye jina lake, kisha ya sekondari. Mwaka 2016, katika ufunguzi wa michezo ya Rio, alipewa tuzo ya Laureli ya Olimpiki, naye akawa mtu wa kwanza duniani kuipokea.

Kwa maoni yetu, sifa za kazi hii zimegawanywa vibaya. Magazeti humwandika mume kwa sababu ana medali. Lakini mume akiwa safarini Ulaya na Marekani, ni nani aliyebaki na mtoto mwenye homa usiku? Nani aliyejua ni yupi anayejikojolea kwa hofu, na yupi anayeficha chakula chini ya mto kwa kuwa hajaamini kwamba kesho kitakuwapo? Yeyote aliyelea yatima anayajua hayo. Mlango wa nyumba ile ulifunguliwa na watu wawili, na mzigo mkubwa wa ndani aliubeba mama.

Pengine msomaji atasema: huyo alikuwa mtu mashuhuri, sisi tutawezaje? Tanzania nasi tunaye Filbert Bayi, mwanajeshi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na baadaye yeye na mkewe Anna wakaanzisha shule Mkoa wa Pwani. Naye ni mashuhuri, ni kweli. Ila kinachomfaa mtoto katika habari hizi ni mkubwa aliyekaa naye miaka mingi bila kuchoka, na hicho hakihitaji medali.

Hata hivyo tuonye jambo moja. Siku hizi mtu hawezi kuokota mtoto njiani akampeleka kwake kimya kimya, hata kama nia yake ni njema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi ya kambo, na afisa ustawi wa jamii ndiye mlango wa kuanzia. Wengine wanaulalamikia utaratibu huo kuwa ni mrefu. Sisi twauona kuwa wa haki, maana si kila afunguaye mlango ana moyo wa Keino. Sheria hiyo hiyo humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, wala haimruhusu askari kumtendea kijana wa miaka 15 kama jambazi mzoefu.

Mkoa wetu wa Kigoma una haja kubwa ya walezi. Umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wako pia vijana waliozoea kuishi kwa dagaa, na mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, mikono yao ilikaa bure. Jeshi la Polisi limeanza kuweka wakaguzi katika kata, na vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto. Je, mzazi wa Katubuka, unamjua mkaguzi wa kata yako kwa jina? Je, mwanao amewahi kumwamkia? Msindikizeni mtoto siku moja mchana, pasipo shida yoyote, akamwone, ajue pia kwamba namba 116 hupigwa bure na mtoto yeyote mwenye taabu.