Somo la ngeli lililokwama Miti

Tukitaja elimu ya masafa, wengi wetu huwaza barabara: mwanafunzi yuko Miti, mwalimu yuko Bukavu, na mtandao unawaunganisha. Mtaalamu Michael Moore alitufundisha kutazama umbali mwingine, yaani pengo la maelewano kati yao. Kwa maoni yake, pengo hilo hutegemea mazungumzo, mpangilio wa somo, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza.

Nilimwelewa nilipotengeneza somo langu la kwanza, kuhusu upatanisho wa ngeli. Nilirekodi video ya dakika 40, nikamtumia rafiki yangu wa Miti, mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kurudi masomoni. Jioni akanipigia simu: «Ndugu yangu, mega zimekwisha ungali unasalimia!»

Nikaanza upya. Somo nililigawa vipande vitano. Kila kipande kina lengo moja, sauti ya dakika nne, ukurasa mmoja wa maandishi na zoezi. Sauti ni nyepesi kuliko video: huipakua mara moja mtandao unapopatikana, kisha huisikiliza wakati wowote.

Hata hivyo pengo lilibaki kwenye zoezi. Nilimwomba asahihishe «kitabu yangu imepotea», na chini nikaweka jibu: «Kosa. Sahihi ni kitabu changu kimepotea.» Alilinakili vizuri. Zoezi lililofuata akaandika: «kiti yangu imevunjika».

Hapo niliona kwamba nilikuwa nimemhukumu bila kumfundisha. Nikaandika maelezo mapya: «Nyumbani tunasema hivyo na tunaelewana. Katika Kiswahili sanifu, ki- ya kitabu huonekana tena katika maneno yanayoifuata: kimepotea. Mbele ya -angu hugeuka ch-: changu. Sasa jaribu kiti, kisha viti.» Alinijibu: «Kiti changu kimevunjika. Viti vyangu vimevunjika.» Wingi huo sikuwa nimemwonyesha.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kabla intaneti haijaenea kwetu. Basi maandishi yanayozungumza na msomaji yanaweza kufundisha hata pasipo kioo cha simu.

Wenzangu, kabla ya kurekodi tujiulize: baada ya somo mwanafunzi ataweza kufanya nini? Atajuaje kwamba ameweza? Na akikosea, nani atamweleza sababu?